Je, Wajua? Uhaba Ndio Fundi Mkuu wa Gemu

Je, wajua kwamba masharubu ya Mario yaliota kwa kukosa nafasi ya mdomo? Mwaka 1981, Shigeru Miyamoto alipombuni kwa ajili ya Donkey Kong, alikuwa na vinukta vya kuhesabu. Mdomo haukutosha, akambandika masharubu. Nywele nazo zingekuwa kazi, akamvika kofia.

Je, wajua kwamba kichaka na wingu katika Super Mario Bros. ya 1985 ni mchoro uleule? Ukiwa wa kijani ni kichaka, ukiwa mweupe ni wingu. Gemu nzima ilishindiliwa katika kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako inaizidi mbali. Na hatua zake zilianzia kwenye karatasi ya grafu, si kwenye kompyuta.

Je, wajua kwamba wavamizi wa Space Invaders (1978) walijiongezea kasi wenyewe? Mashine ilielemewa na wavamizi 55, ikawasogeza kwa kujikokota. Kila mmoja alipouawa mzigo ulipungua, waliobaki wakachapuka. Mbunifu wao, Tomohiro Nishikado, aliliona hilo, akaliacha vivyo hivyo. Kwangu mimi, hakuna kasoro iliyoleta faida kubwa kuliko hii: ushindi wako ndio unaokuzidishia taabu.

Je, wajua kwamba Tetris ya kwanza haikuwa na picha? Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, mashine iliyojua herufi na alama tu. Vipande vyake vilijengwa kwa mabano.

Je, wajua kwamba mizimu wanne wa Pac-Man (1980) hawana akili, wana tabia? Mwekundu anakufuata unyounyo. Wa waridi halengi ulipo. Analenga hatua chache mbele yako, akukinge njia. Wa samawati anapiga hesabu kwa kutazama ulipo wewe na alipo mwekundu, ndiyo maana hatabiriki. Wa chungwa anakujia kwa vishindo, akikaribia anageuka kurudi konani kwake. Kanuni nne fupi, lakini ukiwa mbioni utaapa kwamba wamekula njama. Aliyewahi kukaa barazani kucheza bao anawajua wote wanne, hasa huyo wa chungwa.

Gemu hiyohiyo, ukiifikisha hatua ya 256, nusu ya skrini inajaa takataka za herufi. Kihesabio chake cha hatua kinaishia 255. Hakuna aliyetarajia mtu kufika huko.

Je, wajua kwamba Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alishindwa na gemu aliyokuwa akiiandaa mwenyewe? Ni Gradius ya mwaka 1986, toleo la nyumbani. Ili aweze kuijaribu akajiwekea mlango wa siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Silaha zote mkononi! Mlango haukufungwa, gemu ikauzwa nao.

Uhaba mwingine lakini hauna baraka. Mwaka 1982, Howard Scott Warshaw wa kampuni ya Atari alipewa takribani wiki tano tu kuitengeneza gemu ya E.T., iwahi Krismasi. Haikuuzika kama ilivyotarajiwa, na mwaka uliofuata shehena ya kaseti za Atari, hiyo ikiwemo, ikazikwa jalalani Alamogordo, jimbo la New Mexico. Baadhi zilifukuliwa 2014. Moja iko makumbusho ya Smithsonian, pamoja na vumbi lake.