KUVU WA MIZIZI NA JOTO LA DUNIA

Mkono mtupu haulambwi. Mwalimu wetu wa Bayolojia alipotuambia kwamba hata mimea huijua methali hii, darasa zima lilicheka. Kumbe alisema kweli!

Kaskazini kabisa mwa dunia, huko Alaska na Siberia, kuna nyanda za baridi ziitwazo tundra. Hazina miti mirefu, na chini ya udongo wa juu ardhi huwa imeganda mwaka mzima. Majani yakianguka huoza polepole mno, hivyo chakula cha mimea ni haba. Je, mimea huishije? Husaidiwa na kuvu, jamii moja na uyoga, wanaoishi mizizini. Nyuzi zao nyembamba hupenya udongoni na kuleta naitrojeni, nao mmea huwalipa sukari. Ni nipe nikupe. Mwaka 2006, watafiti John Hobbie na Erik Hobbie walieleza kuwa karibu na ziwa Toolik, Alaska, mimea hupata asilimia 61 hadi 86 ya naitrojeni yake kupitia kuvu hawa.

Sasa joto limeingia. Huko kaskazini linapanda kwa kasi inayozidi mara mbili ile ya dunia nzima. Papo hapo Toolik, watafiti walifunika vipande vya ardhi kwa vibanda vya plastiki wakati wa kiangazi ili vipate joto. Baada ya miaka 18, vichaka vya betula vilikuwa vimesitawi na kuisonga mimea mingine. Mizizini mwake, kuvu wa jamii ya Russula walikuwa wamepungua, wale wa Cortinarius wameongezeka. Hawa wa pili ni wachimbaji hodari: wanaweza kuvunja mabaki magumu ya mimea ya kale ili wapate naitrojeni.

Utasema, "Si vizuri basi? Vichaka vinanawiri!" Ngoja kwanza. Mabaki hayo ni kama akiba ya benki. Ardhi iliyoganda ya kaskazini ina kaboni karibu maradufu ya ile iliyo hewani. Mabaki yakivunjwa, kaboni hutoka ikiwa gesi, joto huzidi, na akiba huzidi kuliwa. Kweli, vichaka navyo hunyonya gesi hiyo, lakini hofu ni kwamba itakayotoka itazidi itakayoingia.

Na gesi haina pasipoti. Ikitoka Alaska huenea hadi kwetu, kwa mkulima anayeingoja mvua. Tupunguze moshi wetu mapema, wenzangu, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.