Pensheni ya Mfanyakazi na Mkono wa Serikali

Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilifunga kiwanda chake cha South Bend, jimboni Indiana, Marekani, na mfuko wa pensheni ukakutwa hauna fedha za kutosha. Waliofikisha miaka 60 walilipwa mafao yao yote. Wafanyakazi zaidi ya 4,000 wa umri wa miaka 40 hadi 59 waliambulia takriban senti 15 kwa kila dola waliyostahili. Walio chini ya hapo walitoka mikono mitupu.

Kisa cha wachimbaji wa makaa ya mawe kilikuwa cha aina nyingine. Fedha zao zilikuwapo. Tatizo ni zilivyotumika. Wadhamini wa mfuko waliacha mamilioni ya dola yakae bila riba katika benki iliyomilikiwa na chama cha wachimbaji hao, kisha wakanunua hisa za kampuni za umeme ili kuzishinikiza zinunue makaa yaliyochimbwa na wanachama. Nia ilionekana njema: ajira zilindwe. Lakini wastaafu na wajane walikula hasara, na mwaka 1971 mahakama ya Washington iliamua kwamba wadhamini walivunja amana yao.

Baada ya visa kama hivyo, Septemba 2, 1974, Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya pensheni za sekta binafsi, ERISA. Haikutoa orodha ya hisa za kununua wala za kuepuka. Ilimtaka mdhamini awe mwangalifu, atawanye uwekezaji, na atende kwa maslahi ya wanachama na wategemezi wao peke yao. Pensheni za watumishi wa majimbo ziliachwa nje, ndiyo maana California ina uhuru ambao kampuni binafsi haina.

Je, mfuko unaweza kujenga nyumba za bei nafuu, au kuikwepa kampuni inayochafua mito? Mwaka 1994 Wizara ya Kazi, chini ya Robert Reich, ilijibu kwamba inawezekana, mradi faida na hatari zilingane na za uwekezaji mwingine uliopo. Hapo manufaa ya jamii yanaweza kuamua. Tangu hapo kila utawala umeichezea lugha ya jibu hilo. Wa Bush uliibana mwaka 2008, wa Obama ukailegeza 2015, wa Trump ukadai 2020 kwamba yapimwe mambo ya kifedha tu. Kanuni ya Biden ya 2022 iliruhusu tabianchi ihesabiwe inapogusa hatari au faida. Bunge lilipotaka kuifuta Machi 2023, Biden alitumia kura yake ya turufu ya kwanza.

Kelele zote hizo zinaficha jambo moja: hata kanuni ya 2020 haikukataza manufaa ya jamii kuamua pale uwekezaji unapolingana. Iliongeza makaratasi. Ila makaratasi humtisha mdhamini, kwa kuwa akishindwa kesi hulipa hasara kutoka mfukoni mwake.

Januari 2025 jaji wa Texas aliamua kwamba American Airlines ilikiuka uaminifu kwa wanachama, kwa kuacha ajenda za kijamii za BlackRock, msimamizi wa sehemu ya fedha zao, ziingie katika mfuko. Uangalifu wa kampuni hiyo ya ndege, hata hivyo, haukuonekana kuwa na kasoro. Baadaye mwaka huohuo jaji huyo hakutoa fidia, kwani hasara haikuthibitishwa.