Waya wa kupima gari umegoma? Usiutupe, draiva kalala!

Msomaji wangu, taa ya cheki injini ikiwaka, kuna mafundi hawapimi, wanapiga ramli. Leo sensa, kesho koili, keshokutwa pampu. Wewe unatoa pesa tu, na taa inakukodolea macho vilevile!

Ndiyo maana siku hizi watu wananunua ule waya wa bei chee: upande mmoja unaingia kwenye kompyuta, wa pili kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani. Unachomeka, kimya! Waya unatupwa jalalani, mtu anarudi kwa mpiga ramli wake. Haraka ya nini jamani?

Anza na gari. Fungua swichi mpaka taa za dashibodi ziwake. Tundu namba 16 linatakiwa kuwa na umeme wa betri. 4 na 5 ni athi. Umeme hakuna? Kagua fyuzi. Kwenye magari mengi ni ileile ya kiberiti cha sigara.

Umeme upo? Njoo kwenye kompyuta. Kama ni ya Windows, fungua Device Manager. Ukiona alama ya njano ya mshangao, mara nyingi kinachokosekana ni draiva. Siyo yule wa daladala! Hii ni programu ndogo inayoipatanisha kompyuta na chipu iliyomo ndani ya waya. Namba za utambulisho zitakuambia chipu ni ya nani: 1A86 ni WCH, wenye CH340; 0403 ni FTDI; 067B ni Prolific. Chukua draiva kwa mtengenezaji mwenyewe, usiokoteokote.

Na feki zina mambo! Mwaka 2014 FTDI walitoa draiva iliyogeuza namba ya chipu bandia kuwa 0000. Nyaya zilizopiga kazi jana, leo hazitambuliki.

Draiva ikikubali, waya unapewa poti, tuseme COM7. Namba hiyohiyo iweke kwenye programu ya kupimia. Programu nyingine za zamani zinatafuta COM1 hadi COM4 tu, basi ishushe. Waya wa ELM327 ujaribu kwa spidi ya 38400, ukigoma 9600.

Bado kimya? Kuna magari ya zamani ya soko la Japani yenye soketi hiyohiyo lakini hayaongei lugha ya OBD2. Hapo waya hauna kosa.

Sasa namba ya hitilafu imetoka. Iandike kabla hujaifuta! P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Haijasema "nunua koili". Kama kila silinda ina koili yake, zima injini, hamisha ya kwanza iende ya pili, ya pili ije ya kwanza. Futa, endesha, pima tena. Ikija P0302, koili ndiyo mbaya wako. Ikibaki P0301, pesa ya koili irudi mfukoni, kagua plagi kwanza.

Fundi akikuambia "badilisha hiki", muulize taratibu: namba gani imesema hivyo? Akianza kujiumauma, chukua ufunguo wako uondoke. Wiki njema!