Usisubiri gari lilie "ka-ka-ka" kwenye kona: kagua buti ya sivi jointi

Ukisikia "ka-ka-ka" kwenye tairi la mbele kila unapokata kona, umechelewa. Hiyo ni sauti ya sivi jointi ambayo imeshalika. Kilichoanza kuharibika, pengine miezi kadhaa nyuma, ni kipande cha mpira tu: buti.

Kwa wenye gari ndogo za zamani Usoke, wilayani Urambo mkoani Tabora, hili ni tatizo la kila msimu. Ukiiacha barabara kuu kuelekea mashamba ya tumbaku, kiangazi ni mchanga na vumbi, masika ni tope.

Buti inafanya nini?

Corolla, IST na Probox nyingi huvutwa na tairi za mbele. Nguvu hutoka kwenye giaboksi kupitia shafti mbili, moja kila upande. Kila shafti ina jointi ya ndani na ya nje. Ya nje ndiyo yenye kazi ngumu, maana inazunguka huku ikipinda kufuata usukani. Ndani yake, kwa kawaida, kuna gololi sita zinazotembea kwenye grisi.

Buti ni mfuko wa mpira wenye mikunjo, unaoifunika jointi. Ukichanika, mzunguko wa shafti unairusha grisi nje na mchanga unaingia. Mchanga ukichanganyika na grisi iliyobaki, unasaga chuma kama msasa.

Jointi ikikatika kabisa, gari haliendi, hata kama upande wa pili ni mzima, kwa sababu nguvu yote inakimbilia upande uliokatika. Sasa fikiria iwe usiku, na ndani kuna mgonjwa anayepelekwa hospitali Urambo.

Kagua kwa tochi ya simu

Kata usukani mpaka mwisho, zima gari, vuta hendibreki. Chungulia nyuma ya tairi, kisha tanua mikunjo kwa vidole. Nyufa hujificha humo. Ukikuta grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa ringi, buti imeshachanika.

Ukifika kwa fundi

Gari liwekwe kwenye stendi, si jeki peke yake, na tofali ndiyo kabisa usikubali. Fundi anafungua nati kubwa ya ekseli, anaachanisha boli jointi ya chini, anachomoa shafti. Jointi ya nje inagongwa itoke kwenye shafti, inaoshwa kwa petroli au dizeli, inakaushwa.

Hapo sogea uangalie mwenyewe. Gololi na njia zake zikiwa laini, buti mpya inatosha. Ukiona mashimo au michubuko, jointi ibadilishwe. Kuifunika kwa buti mpya ni kutupa hela.

Grisi nayo ina aina yake: ni ile nyeusi yenye molibdeni, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na buti. Ile ya kopo inayopakwa baiskeli siyo. Bendi za chuma ziwe mbili, kubwa na ndogo. Waya wa kufungia hukata mpira.

Wapo wanaofunga buti iliyochanika kwa mpira wa tyubu. Itakufikisha nyumbani, basi. Zipo pia buti za kugundisha, zilizopasuliwa tayari, ambazo hazihitaji shafti itolewe. Zinaokoa muda, ila kwenye mchanga wa huku gundi ikiachia kidogo tu, umerudi mwanzo.

Na kabla hujaondoka, ulizia oili ya giaboksi. Shafti ikichomolewa oili humwagika, na iliyopungua lazima irudishiwe.