Papa wa Matumbawe na Majirani Zao wa Lang'ata

Ukitaja wanyamapori hapa Nyayo Highrise, watu huwaza simba na vifaru wa Mbuga ya Nairobi, ng'ambo ya Barabara ya Lang'ata. Makao makuu ya Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS) yako hapo langoni. Shirika hilohilo ndilo linalosimamia mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, pamoja na Kisite kule Kwale. Kwa hiyo papa na taa wa miamba ya matumbawe wana walinzi wao mtaani kwetu, na hali ya samaki hao ni mbaya.

Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa miamba 371 katika nchi 58. Watafiti walizamisha kamera zenye chambo mbele yake, wakasubiri. Kenya ilikuwa miongoni mwa sehemu sita ambako papa wamekwisha karibu kabisa. Katika sehemu hizo zote kwa jumla, zaidi ya saa 800 za video zilinasa papa watatu. Watatu tu!

Wapwani wamezoeana na papa tangu enzi. Mafuta ya ini lake, yaani sifa, yalipakwa majahazi ili mbao zisioze. Nyama ilitiwa chumvi ikaanikwa. Papa mkavu ni mgumu kama ubao na ngozi yake hukwaruza kiganja. Huroweshwa, hubadilishiwa maji, huchambuliwa, ndipo aingie kwenye tui. Mapishi hayo siyalaumu hata kidogo.

Kinachommaliza papa ni jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kucha. Jarife halichagui: hunasa papa mchanga, taa, hata kasa. Nyenga, wa jamii ya taa, hujifukia mchangani kando ya matumbawe, macho tu yakibaki nje, lakini akiinuka kutafuta chakula hana kinga. Na papa hazai kama dagaa. Yule wa miambani mwenye ncha nyeusi mapezini hubeba mimba miezi mingi, kisha huzaa wachache, mara nyingi wawili hadi watano.

Utafiti ule wa Nature ulionyesha kuwa papa wapo kwa wingi pale nyavu kama hizo zinapozuiwa na uvuvi kuwekewa mipaka. Kisite hairuhusu uvuvi wowote; Mpunguti, jirani yake, huruhusu ule wa kienyeji. Sheria basi tunayo. Lakini bila boti ya doria yenye mafuta, anayetega jarife usiku hana wa kumzuia. Fedha za mafuta hayo hupitishwa Bungeni kila mwaka, na mbunge wetu hupiga kura. Wakazi wa Highrise tuna haki ya kumwuliza ni kiasi gani kilitengewa bahari.