Kuhamisha Jiko la Kauri la Kuchomea Nyama

Miongoni mwa vyombo vinavyowasumbua watu wanaohama nyumba nchini Marekani ni jiko la kauri la kuchomea nyama, ambalo hujulikana kwa jina la Kijapani la kamado na ambalo umbo lake ni la yai kubwa lililosimamishwa wima. Asili yake ni majiko ya udongo yaliyotumiwa Japani kupikia wali kwa mvuke, ambayo askari wa Marekani waliokuwa huko baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliyapenda wakarudi nayo kwao. Mwaka 1974 Ed Fisher alianzisha mjini Atlanta kampuni ya Big Green Egg, na baadaye udongo wa kawaida, uliokuwa ukipasuka upesi, ukaachwa na mahali pake pakachukuliwa na kauri, yaani udongo maalumu uliochomwa kwa joto kali hadi ukashikamana na kuwa mgumu. Kuta zake nene hutunza joto kwa kanuni ileile inayoliwezesha jiko la mkaa la Kenya, lile lenye udongo ndani ya bati, kutumia mkaa kidogo. Lakini jiko la Kenya hubebwa kwa mkono mmoja, ilhali kamado ya kampuni hiyo yenye wavu wa upana wa sentimita 46 hivi ina uzito wa kilo zipatazo 73, yenye wavu wa sentimita 61 hukaribia kilo 100, na kubwa kuliko zote hufikia kilo 170 hivi.

Uzito huo ndio unaowapotosha wengi, kwa kuwa mtu akiona kitu kizito hudhani kuwa ni imara pia. Kauri huhimili sana kugandamizwa, lakini haihimili kuvutwa, kupindwa wala kupigwa mahali pamoja, na kwa sababu haina unyumbufu wa chuma, ambacho kikigongwa hubonyea tu, pigo dogo kwenye ukingo wa kizingiti latosha kuipasua. Dhamana ya mtengenezaji, hata ile inayoitwa ya maisha, kwa kawaida haimfidii mtu aliyeliangusha jiko lake mwenyewe.

Kwa hiyo njia ya busara ni kulifungua jiko vipande vipande, na kazi hiyo huanza kwa kulipoza kabisa. Mkaa uliozimwa kwa kuziba matundu ya hewa huweza kubaki na moto chini ya majivu kwa saa nyingi, na inafaa usiku mzima upite kabla majivu hayajatolewa. Kisha hutolewa wavu, kigae cha kukinga moto usiifikie nyama moja kwa moja, pete ya juu na chungu cha moto, ambacho ni chombo cha ndani kinachoshikilia mkaa. Kila kipande hufungwa peke yake kwa blanketi au karatasi nene, kwani vipande vya kauri vinavyogusana njiani husagana hadi vikavunjana. Ufa mwembamba ukionekana kwenye chungu cha moto mara nyingi haulizuii jiko kufanya kazi, ila ni vema upigwe picha kabla ya safari, ili baadaye pasiwe na ubishi na wachukuzi.

Sehemu ya hatari zaidi ni kuondoa kifuniko. Kifuniko hushikwa na ukanda wa chuma uliokazwa kwa boliti, nao umeunganishwa na kitako kwa bawaba yenye springi zinazosaidia kukiinua. Katika miundo mingi springi hizo huwa zimevutwa wakati jiko limefungwa, hivyo nati zikilegezwa na kifuniko kikatolewa, ukanda huweza kuruka juu kwa nguvu ya kuumiza uso au vidole. Ukanda wa juu hufungwa kwanza kwa kamba imara kwenye ule wa chini, na mtu wa pili huushika wakati wa kwanza anageuza spana. Kwa kuwa bawaba za kampuni mbalimbali hazifanani, kijitabu cha mtengenezaji hakina budi kusomwa kabla ya hapo.

Kitako hubebwa na watu wawili kwa kukishika kutoka chini na kwenye tundu la mbele la hewa, kamwe si kwa meza za mbao za pembeni wala kwa mpini, ambavyo havikuundwa kubeba uzito wote. Jiko lililo juu ya kigari chake huvutwa polepole, halisukumwi, maana gurudumu likikwama kwenye ufa wa sakafu huku mtu akisukuma, chombo chote hupinduka. Ndani ya lori kitako husimama wima juu ya blanketi na kufungwa mikanda kwenye ukuta, na kifuniko hulazwa kwa ukingo wake juu ya kitu laini pasipo kuwekewa mzigo wowote.

Wenye kukodi kampuni ya uchukuzi wanapaswa kuisoma mikataba kwa makini. Kwa safari za kutoka jimbo moja hadi jingine, sheria ya Marekani humpa mteja uchaguzi wa fidia ya thamani kamili au fidia ndogo isiyolipiwa, ambayo ni senti 60 kwa kila ratili. Kwa hesabu hiyo jiko la kilo 73, yaani ratili kama 161, likivunjika hufidiwa kwa dola zisizofika 100, nalo jipya huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Tena wachukuzi wengi hukataa kubeba mkaa na mafuta ya kuwashia, kwa hiyo hivyo hutumika au hugawiwa majirani mapema.

Jiko likishafika huwekwa juu ya sakafu tambarare, na kama liko juu ya meza ya mbao, kigae cha zege hutangulizwa chini yake. Kauri iliyonyeshewa njiani hufyonza maji, hivyo moto wa kwanza uwe mdogo na uongezwe taratibu ili mvuke upate njia ya kutoka.

Hata hivyo, yote hayo hayana maana iwapo makao mapya hayaliruhusu jiko. Kanuni za zimamoto zinazofuatwa katika miji mingi ya Marekani hukataza kuwasha jiko la mkaa kwenye roshani inayoweza kuungua, au ndani ya mita 3 kutoka ukuta wa namna hiyo, katika majengo ya ghorofa yasiyo na mfumo wa kunyunyiza maji. Na kulitumia ndani ya nyumba ni hatari kwa uhai, kwa sababu mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu. Mwenye jiko na amuulize mwenye nyumba mpya kwanza, na akikataliwa, aliuze huko huko anakotoka.