Nasaha na Ufunguo: Kazi ya Mshauri wa Watu Wasio na Makazi Mjini New York

Mshauri nasaha anayewahudumia watu wazima wasio na makazi hutofautiana na wenzake wa zahanati na wa shule kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba wenzake humngoja mteja ofisini, ilhali yeye humfuata mteja alipo, katika vituo vya treni za chini ya ardhi, chini ya madaraja na kwenye mabweni ya hifadhi, na aghalabu humfuata mtu ambaye hakuomba msaada wa yeyote. Kazi hiyo ipo leo katika nchi nyingi, lakini jiji la New York nchini Marekani lafaa kuchunguzwa kwanza, kwa sababu mbinu kadhaa wanazofundishwa washauri wa namna hiyo zilizaliwa au kupimwa hapo, na kwa sababu historia ya jiji hilo inadhihirisha jambo ambalo mafunzo mengi hulipita upesi: kwamba uzito wa nasaha hutegemea kile alichonacho mshauri cha kutoa, na kwamba asiye na chumba cha kumwonyesha mtu hubaki na maneno matupu.

Chanzo cha watu wengi kukosa makazi hutajwa mara nyingi kuwa kufungwa kwa hospitali kubwa za maradhi ya akili, ambazo mwaka 1955 zilikuwa na wagonjwa zaidi ya nusu milioni nchini Marekani na ambazo kufikia 1980 zilibakiwa na pungufu ya robo ya idadi hiyo, huku vituo vya afya ya akili vya mitaani vilivyoahidiwa na sheria aliyoitia saini Rais Kennedy mwaka 1963 vikiwa vingi havijajengwa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli, kwani katika miaka ileile ya 1970 hoteli za bei nafuu, ambamo mtu maskini aliweza kupanga chumba kimoja kwa wiki au kwa mwezi, zilibomolewa au kugeuzwa nyumba za matajiri, na maradhi ya akili peke yake hayamlazi mtu barazani ikiwa kodi ya chumba inalipika. Mwaka 1979 wakili Robert Hayes alifungua kesi kwa niaba ya wanaume waliokuwa wakilala mitaani, na makubaliano ya Agosti 1981 yakalifunga jiji kumpatia kitanda kila mwanamume mhitaji, haki iliyopanuliwa baadaye kwa wanawake. Robert Callahan, aliyekuwa wa kwanza kutajwa miongoni mwa walalamikaji, alikwisha kufariki kabla ya makubaliano hayo kutiwa saini. Jiji lilitimiza wajibu huo kwa kupanga vitanda kwa mamia katika kumbi za zamani za kijeshi, na humo ndimo washauri wengi walimokutana na wateja wao.

Mfumo uliowapokea washauri hao ulikuwa wa ngazi, maana yake ni kwamba mtu alitakiwa kupanda daraja baada ya daraja, kutoka bweni la hifadhi hadi nyumba ya mpito, na kutoka hapo hadi nyumba ya kudumu, na kila daraja lilikuwa na masharti yake, hasa kuacha pombe na dawa za kulevya na kumeza dawa za maradhi ya akili bila kukosa. Mshauri katika mfumo huo alikuwa mlinzi wa lango, kwa kuwa ripoti yake ndiyo iliyoamua nani apande na nani arudishwe chini, na si ajabu kwamba wateja walijifunza kumwambia alichotaka kusikia. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis, aliyekuwa akiwahudumia watu wa mitaani wenye maradhi makali ya akili, aliupindua utaratibu huo mwaka 1992 alipoanzisha shirika la Pathways to Housing, ambalo lilimpa mtu nyumba kwanza, kwa mkataba wa kawaida wa upangaji, kisha likamfuata humo kwa tiba na nasaha ambazo alikuwa huru kuzikubali au kuzikataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baada ya miaka 5 asilimia 88 ya wapangaji wa shirika hilo walikuwa bado wanaishi katika nyumba, wakati kwa waliopita mfumo wa ngazi jijini humo kiwango kilikuwa asilimia 47.

Kanada iliipima njia hiyo kati ya 2009 na 2013 katika miji 5, kwa washiriki wapatao 2,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yake yanastahili kusomwa kwa uangalifu na watetezi na wapinzani vilevile, kwa sababu waliopewa nyumba kwanza walidumu nyumbani zaidi kwa tofauti kubwa, lakini katika dalili za maradhi na matumizi ya vileo hawakuwatangulia sana wenzao. Nyumba, kwa maneno mengine, inatibu ukosefu wa nyumba. Yaliyobaki yanahitaji kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo ya mshauri.

Kazi huanza kwa kuzoeana, na hatua hii, ambayo kwa mtazamaji huonekana kama kupoteza muda, ndiyo inayohitaji ustadi mkubwa kuliko zote. Mshauri hamgusi mtu aliyelala, hasimami juu yake wala hazibi njia ambayo angeweza kuondokea, bali hujitambulisha kwa jina akiwa mbali kidogo, huulizia mahitaji ya siku ile kama soksi, chai au dawa ya kidonda, na huahidi tu jambo analojua ataweza kulitimiza, kwa kuwa mtu aliyekwisha kupita mikononi mwa hospitali, polisi na mabweni amesikia ahadi nyingi. Maswali kuhusu yaliyopita huachwa kwa muda mrefu, kwani wengi wa watu hawa wamepitia kipigo, ubakaji, vita au malezi ya mateso, na swali la pupa linaweza kuamsha hofu ambayo mtu ameishi kwa kuikwepa. Kuna watu wanaojibu siku ya kwanza, na kuna wanaopita miezi wakitikisa kichwa tu. Hata hivyo ziara hizo zisizo na mazungumzo haziendi bure, maana kanuni za serikali ya Marekani hutoa kipaumbele kwa mtu ambaye, pamoja na kuwa na ulemavu au maradhi ya kudumu, amekosa makazi kwa miezi 12 mfululizo, au kwa vipindi visivyopungua 4 ndani ya miaka 3 vinavyofikia jumla hiyo, na daftari la mshauri, lenye tarehe na mahali alipomwona mtu huyo, hukubaliwa kuwa ushahidi.

Mazungumzo yanapoanza, mbinu inayotumika zaidi ni ile ya usaili wa kuamsha nia, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Mmarekani William R. Miller mwaka 1983 na kukuzwa katika kitabu alichokiandika pamoja na Stephen Rollnick mwaka 1991. Msingi wake ni kwamba mtu anayekunywa pombe kupita kiasi au anayekataa hospitali si mtu asiyejua madhara, bali ni mtu mwenye nia mbili, anayetaka kubadilika na papo hapo asitake, na kwamba anayemsukuma upande mmoja humfanya autetee upande wa pili. Mshauri kwa hiyo huuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, huyarudisha aliyoyasikia kwa maneno mengine ili msemaji ayasikie maneno yake mwenyewe, na hungoja mtu mwenyewe azitaje sababu zake za kutaka mabadiliko, hata ziwe ndogo kama kutaka kumpigia simu binti yake akiwa na akili timamu. Kwa msomaji aliyelelewa katika desturi ambayo nasaha hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na ambayo ukimya wa mzee ni dalili ya hasira, utaratibu huu unaweza kuonekana kama kukwepa wajibu, lakini anayeijua kazi hiyo atakiri kwamba kunyamaza wakati mtu anakosea ni kugumu kuliko kuhubiri.

Pamoja na mbinu hiyo huenda kanuni ya kupunguza madhara, yaani kumlinda mtu na kifo na maradhi hata kabla hajaacha kutumia dawa za kulevya. Kanuni hiyo si ngeni Afrika Mashariki, ambako Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2011 kuwapa watumiaji wa heroini methadoni kama dawa mbadala, na kwa mshauri wa Marekani ina umuhimu wa haraka zaidi, kwa kuwa utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2013 ulibaini kwamba dawa za kulevya zinazozidi kipimo ndizo zilizokuwa zikiongoza kwa kuua watu wazima wasio na makazi mjini humo, na hiyo ilikuwa kabla fentanili, dawa ya kulevya kali mno, haijaenea. Nalokisoni, dawa inayopulizwa puani na kumrejeshea pumzi aliyezidisha, imekuwa ya lazima katika mkoba wa mshauri.

Sehemu kubwa ya siku zake, hata hivyo, humezwa na karatasi. Ili mtu apewe nyumba ya ruzuku anahitaji kitambulisho, na ili apewe kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa, na ofisi inayotoa cheti cha kuzaliwa hutaka kuona kitambulisho; mzunguko huo, ambao haungemshangaza Mtanzania wala Mkenya yeyote aliyewahi kupanga foleni ya vitambulisho, hukatwa na barua za mshauri, safari za mahakamani na uvumilivu. Hufuata maombi ya malipo ya serikali kuu kwa maskini wenye ulemavu, ambayo mwaka 2024 yalikuwa dola 943 kwa mwezi kwa mtu mmoja, kiasi kisichotosha kupanga nyumba ya kawaida popote New York, na ndiyo sababu vocha ya kodi ni muhimu, kwa kuwa mwenye nayo kwa kawaida hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake na serikali hulipa kinachobaki. Vocha ni chache kuliko wahitaji, na mshauri hujikuta akimtia mtu moyo wa kungoja kitu ambacho huenda kisifike.

Wengi hudhani kazi imekwisha mtu anapokabidhiwa ufunguo, lakini wazoefu husema ugumu mwingine huanzia hapo. Chumba kina ukimya ambao mtaa hauna, na mtu aliyezoea kulala akisikia nyayo za watu anaweza kulala sakafuni karibu na mlango kwa majuma kadhaa, au akawaalika wenzake wa zamani kwa sababu anawaonea huruma na kwa sababu upweke umemzidi, hadi majirani wakalalamika na mwenye nyumba akatishia kuvunja mkataba. Watafiti waliofanya kazi katika ukumbi wa Fort Washington, mmojawapo wa mabweni ya wanaume jijini humo, waliona wateja wao wakitoka na kurudi, wakatunga mpango wa miezi 9 wa kumsindikiza mtu katika kipindi hicho cha hatari, wenye awamu 3: katika ya kwanza mshauri huwa karibu sana, akikutana na mwenye nyumba, kliniki na ndugu waliopatikana, katika ya pili hurudi nyuma ili aone ni fundo gani linafunguka, na katika ya tatu huwakabidhi wengine kazi yake kwa hatua na kuaga rasmi. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 1997, lililohusisha wanaume 96, lilionyesha kwamba katika miezi 18 waliosindikizwa walikosa makazi kwa wastani wa siku 30, na waliopata huduma za kawaida siku 91. Linalovutia katika mpango huo ni kwamba unamtaka mshauri ajue tangu siku ya kwanza siku atakayoondoka, na kwamba mafanikio yake hupimwa kwa jinsi asivyohitajika tena.

Siasa zimeigusa kazi hii kwa pande mbili. Kwa upande mmoja, askari wastaafu wasio na makazi, kundi lililounganishiwa vocha ya kodi na mhudumu wa kuwafuata nyumbani, wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 2010, jambo ambalo halijatokea kwa kundi jingine lolote kubwa na ambalo linaonyesha kinachowezekana vocha zikitosha. Kwa upande mwingine, hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2024 ilipata watu 771,480 wasio na makazi nchini kote, ongezeko la asilimia 18 kwa mwaka mmoja. Juni mwaka huo Mahakama ya Juu iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma. Na Julai 2025 Rais Trump aliamuru serikali iache kuunga mkono sera ya nyumba kwanza. Inafaa kukumbuka kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilikwenda njia tofauti Desemba 2020 iliposhauri kwamba sheria za uzururaji, nyingi zikiwa mabaki ya ukoloni, zinakiuka haki za binadamu. Kwa mshauri suala la kuwaadhibu wanaolala nje si la nadharia, kwani kambi inapobomolewa alfajiri vitambulisho na dawa hutupwa pamoja na mahema, na mtu aliyezoewa kwa miezi hutoweka asijulikane alikohamia.

Mishahara ya kazi hii ni midogo ikilinganishwa na uzito wake, na wengi huiacha mapema, wakiwa wamechoshwa na misiba ya wateja na kusikiliza mateso ya wengine siku baada ya siku, hali ambayo wataalamu huiita majeraha ya pili ya nafsi. Baadhi ya mashirika huajiri washauri rika, yaani watu waliowahi kuishi mitaani, ambao hupokewa haraka na wateja lakini nao huwa katika hatari ya kuamshiwa majeraha yao wenyewe. Jibu la tatizo hilo la wahudumu kuacha kazi lililodumu kuliko mengine lilibuniwa Madison, Wisconsin, katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wagonjwa waliotolewa hospitalini, na Pathways to Housing ililichukua: timu moja yenye daktari wa akili, muuguzi na maafisa ustawi wa jamii, kwa kiwango cha mhudumu mmoja kwa wateja wapatao 10, ambapo kila mteja anajulikana kwa timu nzima, hivyo mhudumu mmoja anapoacha kazi, mteja wake bado ana watu wanaomfahamu.